Dubu-maji wa Kitalu cha Kimani

Siku nilipokwenda kuposa upande wa Merigi, mzee mwenye binti aliniuliza swali ambalo nyinyi vijana mnaniuliza mpaka leo: kazi yako hasa ni nini? Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi na tai. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha juu huko Uganda nikiwa na cheti chenye mhuri, na wazee waliokaa pale walikuwa tayari kusikia neno la heshima, kama karani au mwalimu. Nikajibu kwa ukweli wangu wote, "Mzee, mimi naangalia miguu ya wanyama wasioonekana."

Mzee akanywa mursik yake, maziwa yetu ya mgando, taratibu mpaka kibuyu kikainama. Kisha akamgeukia mjomba wangu. "Arap Langat, huyu kijana wenu ana ng'ombe wanaoonekana?"

Mke nilimpata, lakini si kwa sababu ya ile kazi. Hata hivyo leo nataka kuisifu, kwa kuwa nimestaafu na hakuna anayeweza kuninyima tena kitu. Nimeandika makala nyingi kuhusu mambo makubwa ambayo sikuyaelewa. Hili ni dogo, na ninalielewa.

Katika miaka ya thelathini chai ya Kericho ilikuwa bado changa. Mahali mnapoona leo chai imekatwa sawasawa mpaka macho yanachoka, siku hizo palikuwa na visiki vinavyofuka moshi, na kati ya visiki miche iliyofika magotini. Shamba letu lilikuwa na chumba kimoja cha mbao nyuma ya zahanati, na ndani yake meza moja, hadubini moja ya shaba, na Bwana Kaitano, ambaye niliajiriwa kumsaidia.

Kaitano alikuwa Mgoa mfupi, mzaliwa wa Mombasa, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote na masharubu aliyoyapaka mafuta ya nazi. Alivaa kizibao cheusi hata jua likiwaka. Asubuhi alisoma damu za wafanyakazi kutafuta malaria. Mchana aliangalia majani ya chai kutafuta wadudu. Jumapili, akitoka kusali, aliangalia dubu-maji, na hiyo haikuwa kazi ya mtu yeyote ila mapenzi yake.

Msiulize dubu ni mnyama gani. Mimi sijamwona hata leo. Kaitano pia hakuwahi kumwona. Alisema amesoma kwamba ni mnene, mzito, na anatembea kama mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Waosha chupa wa zahanati walipochungulia wao walisema ni nguruwe, na nadhani walikaribia zaidi.

Dubu-maji anaishi katika yale majani mafupi ya kijani yanayofunika magome ya miti na mawe ya mtoni. Vitabuni yana jina lake. Sisi tuliyaita manyoya ya miti. Mnyama mwenyewe ni mdogo kiasi kwamba kumi wakijipanga mstari hawafiki upana wa ukucha wa kidole chako. Ili kumpata, unachukua manyoya makavu, unayaloweka katika maji ya mvua tangu asubuhi mpaka saa ya chai ya jioni, unayakamua kama mama anavyokamua nguo, halafu unaacha tope litulie chini ya bakuli. Maji ya mvua, nasema, si ya mto. Maji ya mto huja na wageni wao.

Kisha unamtafuta kwa kuweka karatasi nyeusi chini ya kioo. Ukimpata, humwinui kwa koleo. Kaitano alikuwa na kijiti alichokigandishia unywele mmoja wa sharubu la paka, na kwa unywele huo aliweza kumhamisha dubu-maji kutoka tone hadi tone bila kumwudhi. Paka mwenyewe ndiye aliyeudhika. Alikuwa paka wa zahanati, na alijifunza kukimbia kila alipoona kizibao cheusi.

Mara yangu ya kwanza kumwona nilisahau kwamba nilikuwa nimesoma. Alikuwa mwekundu kama udongo wetu baada ya mvua, mgongo wake umefunikwa magamba kama ya kobe, na nyuzi ndefu zimemtoka ubavuni. Alikuwa na macho mawili kama ncha za sindano. Alikuwa akipanda jani la manyoya kwa bidii kubwa na maendeleo kidogo, mguu baada ya mguu, kama mzee anayepanda mlima wa Londiani na gunia la viazi. Nikapiga kelele, "Anatembea!"

"Ulitaka aruke?" akasema Kaitano.

Kumtambua ni somo lingine. Kaitano alikataza kutaja jina kabla ya kuangalia mwili. "Msomi," aliniita hivyo, na wala halikuwa sifa, "jina ni la mwisho. Mtu akianza na jina, macho yake yanalala." Kwanza angalia ngozi: ina magamba au ni laini? Wenye magamba ni ukoo mmoja, wenye ngozi laini ni ukoo mwingine. Halafu angalia mdomo. Kuna bomba linalotoka mdomoni hadi kooni, na kando ya bomba sindano mbili za kuchomea chakula, na kooni vipande vigumu kama punje za mtama, vya kusagia. Wengine punje zao ni mbili kwa mstari, wengine tatu, wengine hawana kabisa na bomba lao ni pana kama mlango wa ghala. Hao wenye mlango wa ghala ni wala nyama, na ukibahatika utaona taya za mlo wao wa mchana bado zimo tumboni.

Lakini hukumu ya mwisho ni makucha. Miguu ni minane, na kila mguu unaishia kwa makucha. Wenye magamba wana makucha manne yaliyoachana, kila moja limejitegemea. Wenye ngozi laini wana makucha mawili, na kila moja limegawanyika kama panda ya mti. Urefu wa tawi moja juu ya jingine, pembe yake, kijino kidogo kilichoko chini: hapo ndipo ndugu wanatengana. Nimeona Kaitano akikaa na mguu mmoja wa mnyama mmoja tangu zahanati ifunguliwe hadi jiko la mpishi linuke vitunguu, halafu akasema, "Sijui." Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote alizojua.

Ili makucha yaonekane, mnyama lazima alale chali chini ya kigae cha kioo asiweze kutembea, lakini asipasuke. Hapa ndipo Wakipsigis tuliingia katika sayansi. Kaitano alinunua nta ya nyuki kwa mama mmoja aliyekuja na asali kutoka Sigowet, akaikanda kuwa vidonge vidogo mno, akaweka kimoja kila pembe ya kigae. Kigae kikawa meza yenye miguu minne. Unabonyeza pembe moja, halafu nyingine, meza inashuka, mnyama anabanwa polepole kama nguo chini ya pasi baridi, na makucha yanafunguka. Ukizidisha nguvu umeua. Mimi nilizidisha mara nyingi. Waosha chupa waliniita Arap Pasi, yaani mwana wa Pasi.

Nilipoanza kuzoea, nikagundua aina mpya. Alikuwa na magamba, alikuwa mwekundu, lakini kila mguu ulikuwa na makucha mawili tu badala ya manne! Nilihesabu tena na tena. Nilijua kwamba mgunduzi ana haki ya kutoa jina, na nikaanza kuliandaa jina langu likiwa na mkia wa Kilatini. Nilifika mpaka kumwandikia mchumba wangu kwamba kuna mnyama atakayeitwa kwa ukoo wetu. Kisha nikamwita Kaitano.

Akaangalia. Akafuta masharubu. Akaangalia tena. "Hongera, Msomi," akasema. "Umegundua mtoto."

Kumbe wenye magamba wakitoka yaini huwa na makucha mawili mawili. Manne huja wakijivua ngozi. Kumbukeni hilo, kwa maana lilitufaa baadaye.

Sasa nije kwa Kimani.

Kimani alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche. Alikuja kutoka Kiambu na mkewe, na alikuwa na desturi ambayo hakuna kitalu kingine kilichokuwa nayo: alikwenda msituni na kikapu, akachuma manyoya ya miti, akayatandaza kati ya miche ili udongo usikauke. Watu walimcheka. "Kimani anavalisha chai sweta," walisema. Yeye alijibu, "Na yenu inakohoa." Miche yake ilikuwa ya kwanza kwa unene.

Mwaka mmoja jua likawaka sana na mvua ikachelewa. Majani ya miche yakaanza kugeuka rangi, yakawa kama shaba kuukuu. Meneja wa shamba, Mzungu ambaye tulimwita Arap Mvua kwa kuwa aliulizia mvua hata kabla ya salamu, alikuja chumbani kwetu na majani mkononi. Alijua ugonjwa wenyewe, na hakukosea: ni utitiri mwekundu, mdudu mdogo mwenye miguu minane anayenyonya jani. Alichotaka kujua ni umetoka wapi.

Kwa bahati mbaya, chini ya hadubini palikuwa na tone la maji lililokamuliwa kutoka manyoya ya Kimani. Kabla Kaitano hajaweka chini kikombe, meneja alikuwa ameinama na kuchungulia.

"Iko hii!" akapiga meza. "Nyekundu! Miguu nane! Hii dudu nakula chai yangu, na Kimani naleta yeye na kikapu!"

"Bwana, huyo si—"

"Mimi iko na macho, Kaitano."

Kabla ya saa sita amri ilikuwa imetoka. Manyoya yote yachomwe Jumamosi, na siku hiyo hiyo Kimani aachie nyumba yake kule laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi.

Kimani alikuja kwetu alasiri, kofia mkononi. Hakuja kulia. "Bwana Kaitano," akasema, "nasikia kuna mdudu amenishtaki."

"Hajakushtaki. Amesingiziwa pamoja na wewe."

"Basi ni mwenzangu. Lakini yeye hana viazi ardhini." Akakaa juu ya sanduku. "Nikitoka hapa naenda wapi? Shamba la baba yangu sasa lina kahawa ya mzungu. Mke wangu siku zake za kujifungua zimefika, hawezi kutembea hata mpaka Londiani kwenye treni. Niambie tu ukweli. Ni mimi nimeleta huo ugonjwa?"

Kaitano hakumjibu kwa kumfariji, na hilo ndilo lililonifunza zaidi ya chuo. Alisema, "Nadhani si wewe. Lakini sijaangalia. Nipe mpaka Jumamosi asubuhi, na uwepo mwenyewe."

Tukaangalia. Kaitano alinituma nikachukue majani ya kila tuta la kitalu, nisichague mabaya wala mazuri. Yeye akakamua manyoya ya kila tuta. Utitiri tulimkuta kwenye majani, hasa chini yake, na alijaa zaidi kwenye matuta ya ukingoni, kando ya barabara mpya ambapo lori la shamba lilipita likitimua vumbi. Katikati, mahali manyoya yalipokuwa mazito na unyevu, alikuwa haba. Katika manyoya yenyewe hatukupata utitiri hata mmoja. Tulipata dubu-maji wengi, wekundu, wanene, wasio na habari.

Kazi yangu ilikuwa kuwalaza wote wawili kwenye kioo kimoja, utitiri upande huu na dubu-maji upande ule, ili meneja asihitaji kuamini maneno ya mtu. Ijumaa nzima niliharibu dubu-maji. Mmoja nilimpasua. Mwingine alijificha chini ya nta. Wa tatu alilala vizuri, nikaenda kumwita Kaitano, tukarudi tukakuta amekauka na kukunja miguu yote ndani. Kaitano hakusema Arap Pasi hata mara moja. Alisema tu, "Mwingine," na sauti yake ilikuwa kavu, kwa sababu wote wawili tuliweza kusikia, kule laini, mke wa Kimani akifunga vyombo.

Jumamosi meneja alikuja na hasira ya mtu aliyeamua tayari. Kimani alisimama mlangoni. Meneja akaanza kwa Kiingereza. Kaitano, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kasisi, akamjibu kwa Kiswahili. Meneja akarudia Kiingereza. Kaitano akarudia Kiswahili. Kesi ilikuwa ya Kimani, naye lazima aisikie. Mwishowe meneja akashindwa na adabu hiyo.

"Miguu nane ni miguu nane, Kaitano."

"Kweli, bwana. Na kiti hiki kina miguu minne, na mbuzi wa mpishi wako ana miguu minne. Lakini hujapata kukamua kiti."

Nikaangalia viatu vyangu. Mlangoni Kimani alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Shingo ya meneja ikawa nyekundu kuliko mnyama yeyote tuliyekuwa naye, nikahesabu kwamba sasa tutafukuzwa watatu. Halafu akakivuta kile kiti, akaketi, akaweka jicho kwenye hadubini.

"Anza na huyu wa jani," Kaitano akasema. "Mguu wake, bwana. Unakunjwa mahali pangapi?"

"Mingi. Kama kaa."

"Una viungo, kama kaa na buibui, ndugu zake. Sasa sogeza kioo. Huyu wa manyoya?"

Akasogeza. "Hapana kunjwa. Iko kama soseji."

"Haina kiungo hata kimoja. Na miwili ya mwisho imeelekea wapi?"

"Nyuma."

"Ya utitiri haielekei hivyo. Huyu wa manyoya, miguu ya nyuma anashikia, ya mbele anavutia. Sasa nchani mwa mguu."

"Kucha. Moja, mbili... nne."

"Mgongoni?"

"Iko magamba."

Meneja alisogeza kioo huku na huku mwenyewe, bila kuambiwa, na nikajua mahali hapo ndipo hasira yake ilipoanza kuisha; huwezi kuangalia mnyama yule na kuendelea kukasirika vizuri. Ghafla akasema, "Na hii ndogo hapa kwa jani? Iko miguu sita!"

"Huyo ni mtoto wa utitiri. Anazaliwa na sita, minane inakuja akikua. Kwa hiyo, bwana, mdudu wako mwenyewe hafuati ile hesabu yako."

"Na mtoto ya ile ingine?"

"Minane tangu yaini, ila makucha mawili mawili." Kaitano hakutabasamu. "Muulize Msomi. Yeye ni bingwa wa watoto."

Lilibaki jambo moja. Meneja aliuliza kama dubu-maji hawezi kula chai hata hivyo, na lilikuwa swali la haki. Kaitano akachukua jani bichi la mche, akaweka juu yake dubu-maji katika tone dogo, akaliacha wazi. Maji yalipokauka mnyama alivuta miguu ndani, akajikunja, akawa kipipa kidogo chekundu kisicho na uhai.

"Umeua yeye," meneja akasema, na nasema kweli, alisikitika.

"Jani kavu si nchi yake. Hawezi hata kutembea juu yake, sembuse kula." Akadondosha tone la maji ya mvua. "Ngoja."

Meneja akangoja. Kiko chake kilizimika. Lori lilipiga honi nje, hakuinua kichwa. Mwisho kipipa kikatikisika, mguu mmoja ukachomoza, na wa pili, na yule mnyama akanyoosha mwili kama mtu anayetoka kitandani siku ya baridi. Meneja akasema neno la Kiingereza ambalo halisemwi kanisani, lakini alilisema kwa sauti ya kanisani.

Tulimwonyesha majani ya ukingoni na vumbi lililoyafunika, ambalo utitiri hustawi ndani yake. Alipitisha kidole juu ya jani moja, akakiangalia. Alisimama, akavaa kofia, akamkuta Kimani mlangoni.

"Wewe nafanya nini hapa? Rudi kitalu. Na ile manyoya, leta ingine. Weka mpaka kwa barabara."

Hiyo ndiyo radhi aliyoiomba, na katika siku zile ilikuwa ndefu. Wiki iliyofuata lori likapewa njia nyingine, matuta yakamwagiliwa, na mke wa Kimani akajifungua mtoto wa kike ndani ya nyumba ileile, vyombo vikiwa vimerudishwa rafuni.

Lakini Jumamosi ile, meneja alipoondoka, Kimani hakurudi kitaluni mara moja. Aliingia ndani, akasimama mbele ya hadubini kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Naweza kumwona?"

Kaitano akampisha kiti. Kimani akafumba jicho moja, akahangaika, akampata. Mnyama alikuwa akipanda jani lake, mguu baada ya mguu.

"Hizi kucha zote," akasema, "ni za nini?"

Vijana, nilifungua mdomo. Nilikuwa naweza kueleza umbo la kila kucha, tawi lake na pembe yake, na jinsi linavyoonyesha nani ni ndugu wa nani. Za nini? Sikuwahi kuuliza. Nikaufunga.

"Za kushikilia," Kaitano akasema. "Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye manyoya kama mto uliofurika. Asiposhika, anachukuliwa."

Kimani hakuinua jicho. "Aah," akasema polepole. "Basi shika, bwana mdogo. Shika hapo hapo."

Kisha akainuka, akachukua kikapu chake, akaenda msituni kuchuma manyoya.